Sura ya Sita: Nyumba ya Tarantula Huanzia Udongoni

Kontena la plastiki la kuhifadhia unga, lile la mraba lenye kifuniko cha kubana ambalo halikosekani katika maduka ya vyombo kutoka Isebania hadi Mbita, linaweza kuwa nyumba nzuri ya tarantula kuliko tangi la kioo la maelfu ya shilingi. Nalitaja mapema kwa sababu anayetaka kufuga buibui mkubwa kwa kawaida huanza na tangi. Huulizia upana wake, taa zake, mawe ya urembo na mti wa plastiki wa kusimamisha katikati. Buibui mwenyewe hufikiriwa mwisho, na hapo ndipo anapofia. Mwenye kujenga vizuri huanza na swali moja tu: mnyama huyu akiwa kwao hulala wapi?

Afrika Mashariki ina tarantula wa kutosha kulijibu swali hilo. Nitawataja wawili ambao maisha yao yanatofautiana, na kwa hiyo nyumba zao haziwezi kufanana.

Wa kwanza ni Pelinobius muticus, mkubwa kuliko tarantula wengine wote wa Kenya na Tanzania. Mwanasayansi Mjerumani Ferdinand Karsch ndiye aliyempa jina hilo mwaka 1885. Rangi yake ni ya kutu iliyokolea, miguu yake ya nyuma ni minene na imepinda, na jike aliyekomaa akitanda miguu hukaribia sentimita 20. Ukimkera husugua sehemu za miguu yake ya mbele, akatoa mlio mkali wa kuonya. Huyu ni mchimbaji wa kweli. Makazi yake ni shimo refu linaloshuka ndani ya ardhi kavu ya mbuga, refu kuliko mkono wa mtu mzima, na usiku husogea hadi mlangoni akangoja panzi au mende apite. Hatembei ovyo. Jike akishapata shimo lake hukaa humo miaka na miaka, na umri wake wote huweza kupita miaka 20. Dume ana maisha mafupi zaidi: akikomaa huacha shimo, hutafuta majike, na haupiti muda mrefu kabla hajafa.

Wa pili ni Pterinochilus murinus, aliyeelezwa na Reginald Pocock wa Uingereza mwaka 1897. Ameenea kutoka Angola hadi upande wetu wa bara, na rangi zake ni nyingi: wako wa kijivu, wa kahawia na manjano, na yule wa rangi ya chungwa wa milima ya Usambara ambaye wafugaji wa ng'ambo wanampenda sana. Huyu hana mazoea mamoja. Huchimba, hujibanza chini ya mawe, hupanda vichaka na kuingia kwenye mashimo ya miti, na popote alipo hufuma utando mwingi. Ukimpa udongo mtupu atachimba. Ukimpa gome la mti na vijiti atajenga vyumba vya utando juu ya ardhi, na hapo utamwona mara nyingi zaidi kuliko yule wa kwanza.

Wote wawili hawana kinga waliyo nayo tarantula wengi wa Amerika, yaani nywele za tumboni ambazo mnyama huzipeperusha kwa miguu zikamwasha adui machoni na puani. Tarantula wa Afrika hutegemea mbio na meno. Kuumwa na Pterinochilus murinus kunaleta maumivu makali na misuli kukaza, nyakati nyingine kwa siku kadhaa. Kwa hiyo kizimba unachokichagua ni nyumba ya buibui na pia ni ulinzi wa watu wako, hasa watoto wanaogusa kila kitu. Nisingependa kuona Pelinobius wala Pterinochilus kwa mtu anayefuga buibui kwa mara ya kwanza, hata kizimba chake kikiwa kizuri namna gani.

Kosa linaloua tarantula wengi wa kufugwa ni kimo. Tumbo lake limefunikwa kwa ngozi laini, na ndani yake mna moyo, mapafu na majimaji ambayo mwili wote unayategemea. Hata miguu hunyooka kwa msukumo wa majimaji hayo. Ndiyo maana buibui aliyekosa maji hukunja miguu chini ya mwili. Mchimbaji mzito akipanda ukuta wa kioo, akateleza na kuanguka juu ya jiwe la urembo, tumbo hupasuka, na baada ya hapo kuna machache ya kufanya. Tangi la samaki lenye kimo cha sentimita 45, likiwekwa udongo wa sentimita 5 na jiwe katikati, ni mtego wa kumuua taratibu. Tangi hilo hilo likijazwa udongo wa sentimita 30 linakuwa nyumba ya maana.

Kipimo kinachofuatwa na wafugaji wazoefu ni hiki: kwa tarantula wa ardhini, nafasi kati ya udongo na kifuniko isizidi sana urefu wa buibui aliyetanda miguu, au mara moja na nusu ya urefu huo. Upana wa sakafu uwe mara mbili au tatu ya urefu wake. Zaidi ya hapo humwongezei raha. Mnyama ambaye porini ameridhika kuketi mlangoni pa shimo hana haja na ukumbi. Kina cha udongo ndicho chenye thamani kwake, na kwa Pelinobius ningeshauri kisipungue sentimita 25 hata kidogo. Kwa Pterinochilus sentimita 15 zinatosha, pamoja na gome lililoegemezwa ukutani.

Watoto wa tarantula ni habari nyingine. Buibui mchanga mwenye ukubwa wa punje ya mahindi akiwekwa ndani ya tangi kubwa halipati windo, nawe humwoni tena. Kikopo kidogo cha dawa chenye kifuniko, kikitobolewa matundu membamba na kujazwa udongo hadi zaidi ya nusu, kinamfaa. Atahamishwa kila anapokua, na kila kuhama kuna hatari yake. Kwa hiyo asihamishwe kwa sababu tu umenunua chombo kipya cha kupendeza.

Kwamba shimo ni kila kitu kwa viumbe wa ukoo huu kulithibitishwa vizuri sana nchini Australia. Mwaka 1974 mtafiti Barbara York Main alianza kufuatilia buibui wa aina ya Gaius villosus katika hifadhi ndogo ya Australia Magharibi. Hawa ni ndugu wa mbali wa tarantula, wanaojenga shimo lenye mlango wa kufunika. Mmoja wao, jike aliyepewa nambari 16, aliishi katika shimo lile lile kwa miaka 43, hadi 2016 watafiti walipokuta mlango wake umetobolewa na nyigu wa kimelea. Hakuna buibui mwingine anayejulikana kuishi umri huo. Ninapowaambia watu wasimfukue buibui kila wiki ili kuwaonyesha wageni, huyo jike wa Australia ndiye ninayemfikiria.

Basi tuingie kwenye udongo wenyewe, maana huku kwetu Migori na Homa Bay hakuna uhaba wa udongo, ila si kila udongo unafaa. Ule mweusi wa bonde la Lambwe, unaonata mvua ikinyesha na kupasuka nyufa pana kiangazi, haufai ukiwa peke yake. Huvimba, husinyaa, na shimo lililochimbwa ndani yake hubomoka. Mchanga wa ziwani, unaopakiwa kwenye malori kwa ajili ya ujenzi, haufai zaidi ya huo. Haushikani, hauna shimo linalosimama ndani yake, na mnyama hubaki juu akizunguka kuta usiku kucha. Udongo mwekundu wa mwinuko, wenye mfinyanzi kiasi, ndio mwanzo mzuri. Uchanganye na kokopiti, ule unga wa makumbi ya nazi unaouzwa kwenye vitalu vya miche, sehemu mbili za udongo kwa moja ya kokopiti. Utoe mawe na mizizi, uukaange juu ya jiko katika sufuria kuukuu hadi uwe wa moto kote ili kuua utitiri na mayai ya wadudu, halafu uache upoe.

Kisha unyevu. Teka udongo mkononi ukaze ngumi. Ukishikana bila kudondosha maji, uko tayari. Ushindilie tabaka baada ya tabaka, kwa nguvu, kwa sababu tarantula huhitaji udongo unaogoma kidogo ili kuta za shimo zisimame. Mwishoni tengeneza mwanzo wa shimo kwa kijiti au kidole, kwa mshazari, karibu na ukuta wa kizimba. Mara nyingi mnyama ataliendeleza kufuata ukuta huo, nawe utamwona akiwa chini bila kumsumbua. Sehemu ya juu iache ikauke. Unyevu ubaki chini, na kisahani cha maji safi kisikosekane.

Kumbuka pia uzito. Kizimba chenye sakafu ya sentimita 30 kwa 30, kikijazwa udongo kimo hicho hicho, hubeba lita 27 za udongo, na lita hizo zikiwa na unyevu hupita kilo 30. Fundi wa vioo wa Rongo au Homa Bay mjini anaweza kukutengenezea tangi kwa kioo cha milimita 5 au 6, lakini mwambie litabeba udongo, si hewa. Silikoni aliyounganishia hutoa harufu ya siki inapokauka. Usitie kitu ndani mpaka harufu hiyo iishe kabisa. Na tangi likishajazwa usilibebe, usije ukaachia kona moja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mfugaji wa Ulaya au Marekani hana sababu ya kulihofia sana, nalo ndilo zito kuliko yote kwa msomaji wa Migori na Homa Bay. Kaunti hizi mbili zimo katika ukanda wa ziwa, ambako malaria ni kali kuliko kwingi nchini Kenya. Kwa hiyo nyumba zetu zimejaa, kwa sababu njema kabisa, vitu vilivyotengenezwa ili kuua viumbe vidogo vya miguu mingi. Tarantula ni mmoja wao.

Kampeni ya kupuliza dawa kwenye kuta za ndani ya nyumba ilirejea Migori mwaka 2017 na Homa Bay mwaka 2018. Dawa iliyotumika, pirimifosi-methili, imeundwa ishikamane na ukuta na kuendelea kufanya kazi kwa miezi. Mbu akitua hapo, hafiki mbali. Buibui akipita hapo, au kizimba chake chenye matundu kikiegemezwa hapo, usitarajie muujiza. Wala sitamshauri mtu yeyote akatae nyumba yake kupulizwa kwa ajili ya buibui. Malaria inaua watoto wetu. Kinachotakiwa ni kukitoa kizimba kabla wapulizaji hawajafika, kukiweka kwenye kibanda au stoo isiyopulizwa, na kukirudisha tu ikiwa una mahali pa kukiweka katikati ya chumba, juu ya meza, mbali na ukuta. Kama chumba ni kimoja na kidogo, huko nyumba ya buibui haipo, na ni afadhali kulikubali hilo mapema.

Chandarua ni hatari inayojificha zaidi. Vyandarua tunavyogawiwa vimetiwa dawa ya jamii ya piretiroidi ndani ya nyuzi zenyewe. Vikichakaa hatuvitupi. Kando ya ziwa vimezungushiwa bustani za sukuma, vimefunikiwa vifaranga, vimeanikiwa omena. Kwa hiyo mtu anayetafuta wavu wa kuziba matundu ya hewa huelekeza mkono kwenye chandarua kikuukuu bila kufikiri. Kisitumike kamwe, hata kama kimefuliwa mara nyingi na kimechanika. Dawa ile ilitengenezwa ili ivumilie kufuliwa, na piretiroidi humshika buibui kwenye mishipa ya fahamu: hutetemeka, hutembea ovyo, miguu hukunjika. Matundu membamba yaliyotobolewa vizuri hayahitaji wavu wowote.

Ziongeze hizo na koili za mbu zinazofuka usiku, dawa za kopo za kupuliza mende, poda ya viroboto iliyo kwenye manyoya ya mbwa, na maji ya josho yaliyobaki mikononi mwa aliyetoka kuogesha ng'ombe. Ongeza udongo uliochotwa kwenye shamba la tumbaku la Kuria au la miwa la Awendo, ambako dawa za kilimo zimetumika msimu baada ya msimu. Ongeza mchanga uliosagwa kwenye machimbo madogo ya dhahabu ya Nyatike na Macalder, ambako zebaki hutumiwa kunasia dhahabu. Panzi aliyekamatwa kwenye shamba lililopuliziwa ni kifurushi cha sumu, na mende wa jikoni naye ni vile vile. Fuga nyenje au mende wako mwenyewe kwa chakula, ndani ya ndoo yao, kwa maganda ya mboga unazozijua zilikotoka. Udongo uchote penye kichaka kisicholimwa. Kizimba kinaweza kuwa cha vipimo sahihi kabisa na bado kikaua, kwa sababu ya kilichoingizwa ndani yake.

Malaria hiyo hiyo ndiyo iliyomfanya buibui mmoja mdogo wa Homa Bay ajulikane duniani, na hadithi yake inatufaa hapa. Katika kituo cha Mbita cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, kinachoitwa kwa jina la mwanzilishi wa taasisi hiyo, Thomas Odhiambo, watafiti wamemfuga kwa miaka mingi Evarcha culicivora, buibui mrukaji mwenye urefu wa milimita chache tu. Wanda Wesołowska na Robert Jackson walimweleza kisayansi mwaka 2003. Mwaka 2005 Jackson, Ximena Nelson na Godfrey Sune wakachapisha ushahidi kwamba hupenda damu ya wanyama wenye uti wa mgongo, ila haumi mtu. Huipata kwa kumchagua mbu jike aliyekwisha kushiba damu, hasa wa jamii ya Anopheles. Mwaka 2011 Fiona Cross na Jackson walionyesha kwamba hata harufu ya soksi iliyovaliwa humvuta. Ametulia katika majani na kwenye kuta za nyumba zetu, na anafanya kazi ambayo sisi tunailipia.

Kilichoniteka katika kazi ya Mbita ni namna wanavyomtunza. Hakuna fahari yoyote. Kila buibui hukaa peke yake, kwa kuwa buibui hula buibui. Chombo chake ni cha plastiki, kina tundu la hewa, na utambi wa pamba uliochovywa majini huleta unyevu kutoka chini bila kuloweka makazi yote. Ndani mna vijiti vya kupandia, kwani mrukaji ana macho makali na huhitaji mahali pa kwenda na pa kutazamia. Chakula ni mbu na vijidudu vya ziwa, kile ambacho angekila nje. Mrukaji yule akipewa sentimita 30 za udongo zisizo na vijiti hazimsaidii kitu, na tarantula akipewa vijiti bila udongo hali ni ile ile. Vyombo havifanani. Kilicho kimoja ni utaratibu wa kumtazama mnyama anavyoishi kabla ya kumjengea, na utaratibu huo uko Homa Bay, hatuhitaji kuufuata ng'ambo.

Hewa na kifuniko nitavieleza kwa ufupi. Matundu yatobolewe pande mbili zinazotazamana, upande mmoja chini karibu na udongo na wa pili juu, ili hewa ipite. Kifuniko pekee kikitobolewa, hewa ya chini hulala na ukungu huota, hasa Machi hadi Mei mvua ndefu zinapoturundikia unyevu. Toboa kwa drili au msumari uliopashwa moto, kutoka ndani kwenda nje, ili ncha kali zibaki nje. Tundu liwe jembamba kuliko sehemu ngumu ya mbele ya mwili wa buibui, kwa kuwa panapopita sehemu hiyo, mwili mzima utapita. Vifuniko vya wavu wa chuma, vile vya matangi ya mijusi, viepukwe: kucha za tarantula hunasa humo, akaning'inia, akapoteza mguu au akaanguka.

Mlango uwe mdogo. Waliojenga kuta za mawe za Thimlich Ohinga kule Migori, zilizosimama bila chokaa tangu yapata karne ya 16 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018, waliacha malango mafupi na membamba ili anayeingia ainame na asiingie kwa kishindo. Kizimba cha Pterinochilus kinataka busara hiyo. Kifuniko kizima kikiinuliwa, mnyama mwenye mbio zile yuko mkononi mwako kabla hujajua. Kata kidirisha cha ukubwa wa kutosha kibanio kirefu cha kulishia na kisahani cha maji, kifungwe kwa komeo, na kizimba kiandikwe nje kwa herufi kubwa kilichomo ndani. Anayeshika kizimba hicho siku usipokuwepo ana haki ya kujua.

Kuhusu joto, tuna neema ambayo mfugaji wa kaskazini mwa dunia hana. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na chumba cha kawaida kando yake kina joto linalomtosha tarantula wa Afrika Mashariki mwaka mzima. Zile blanketi za umeme zinazowekwa chini ya kizimba hazihitajiki, na zina hatari mahususi: mchimbaji akihisi joto kali huchimba kwenda chini, kwa sababu porini chini ndiko kwenye ubaridi, na hapo anazidi kuusogelea moto. Hatari yetu ni kinyume. Nyumba ya mabati bila dari huwaka mchana, na kizimba cha kioo kikipigwa na jua la dirishani huwa tanuri kwa muda mfupi sana. Kiweke kivulini, chini kuliko usawa wa kichwa. Kisiwekwe juu ya friji wala karibu na spika, kwani tarantula huijua dunia kwa mtikisiko anaouhisi kupitia nywele za miguu, na muziki wa usiku kucha ni mateso kwake.

Halafu siafu. Sijasoma maelezo ya ng'ambo yanayowapa uzito wanaostahili. Msafara ukipita nyumbani usiku wa mvua, kizimba chenye matundu hakiwazuii, na sisimizi wa kawaida wakinusa mabaki ya nyenje aliyeliwa nusu huja vile vile. Mbaya zaidi ni wakati wa kujichuna ngozi, tarantula anapolala chali kwa saa kadhaa, laini, asiyeweza kujitetea. Hata nyenje mmoja aliyeachwa ndani anaweza kumtafuna. Miguu ya meza isimame ndani ya makopo yenye maji na mafuta kidogo juu, kama tunavyolinda kabati la chakula, na mabaki yatolewe asubuhi. Kwa miguu ya meza usitumie chaki ya dawa ya sisimizi.

Yote haya yanatanguliwa na kibali, nami nimekiacha hapa ili kikae karibu na uamuzi wako. Tarantula wa porini ni mnyamapori, na chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 huwezi kumchimbua, kumfuga wala kumuuza bila ruhusa. Aliyedhani sheria hiyo inahusu tembo tu amejifunza mwaka 2025. Aprili mwaka huo vijana wawili Wabelgiji walikamatwa Naivasha wakiwa na chungu wapatao 5,000, wengi wao malkia wa aina ya Messor cephalotes, ndani ya mirija 2,244 iliyotiwa pamba ili wadudu waishi hadi miezi miwili wakisafirishwa. Pamoja na Mvietinamu mmoja na Mkenya mmoja waliokamatwa katika kesi nyingine, kila mmoja alihukumiwa Mei kulipa faini ya shilingi milioni 1 au kufungwa miezi 12. Ile mirija, iliyotengenezwa kwa ustadi wa kutosha kumtunza mdudu, ni ishara kwamba haikuwa bahati mbaya.

Soko lililowafuata chungu wale ndilo linalowafuata tarantula. Mexico ilishaonja uchungu huo: Brachypelma smithi, mwenye magoti mekundu, alichimbwa kwa wingi kwa ajili ya wafugaji hata akawekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka 1985, na jenasi nzima ikafuata mwaka 1994. Jike anayechukua miaka mingi kukomaa hafidiwi haraka. Anayefukua shimo moja Lambwe, Gwassi au Nyatike hachukui buibui mmoja tu, anachukua na vizazi ambavyo angeviacha. Na anayeleta tarantula wa kigeni kisha akachoka naye na kumwachilia kichakani amefanya kosa baya zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kununua kontena, nenda katika ofisi za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na kwa watu wa Homa Bay kuna Hifadhi ya Taifa ya Ruma papo hapo Lambwe, uulize ni kibali gani kinachohitajika na kwa mnyama gani. Ukikubaliwa, omba mnyama aliyezaliwa kizimbani, mwenye karatasi zinazoonyesha hivyo. Ukikataliwa, chukua tochi jioni, utafute buibui kwenye ukuta wa nje wa nyumba yako, umtazame anavyowinda mbu, na umwache hapo hapo.